Madaftari 33 ya kina cha mto yamebaki mikononi mwangu. Niyafanyie nini, na nani aendelee kusoma?

BintiUsangu

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi.

Nina miaka 27, nimesomea uhandisi wa rasilimali za maji. Januari 2023 nilipata kazi ya mkataba kwenye mradi mmoja huku kwetu bonde la Usangu, Mbarali, na Juni mwaka huu mradi umefunga ofisi. Sitautaja mradi wala mto, kwa sababu bado naomba kazi kwenye sekta hii hii, na ninachotafuta hapa ni ushauri. Itoshe kusema ni mmoja wa mito inayoshuka kutoka safu ya Kipengere. Unapita chini ya barabara kuu ya kwenda Zambia, unagawanywa na mabanio (vizuizi vya kugeuzia maji mferejini) ya wakulima wa mpunga, na kinachosalia kinaingia ardhioevu ya Ihefu, kinatokea Ng'iriama na kuwa Ruaha Mkuu unaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Chini ya banio la mwisho kuna geji, ule ubao wa chuma wenye alama za sentimita unaosimikwa mtoni. Kwa miaka 33 ilisomwa na mtu mmoja, mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Mzee wetu alianza Januari 1991 akaacha Desemba 2023. Mwaka jana alifariki.

Nilipokwenda kumpa pole mkewe, bibi aliingia ndani akatoka na sanduku la bati, yale wanayobeba wanafunzi wa bweni. Ndani mna madaftari 33, kila mwaka daftari lake, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaniambia, "Wewe ndiye mtu wa maji. Yachukue kabla mchwa hawajayaona."

Kurasa zina safu nne: tarehe, asubuhi, alasiri, maelezo. Hiyo ya maelezo ndiyo iliyonikesha. Februari 1998, wakati wa mvua za El Niño, ameandika: "Geji imekwenda na maji. Napima kwa kamba kutoka darajani, fundo kila nusu mita." Kwa siku 19 mfululizo kina kimeandikwa kwa mafundo, "mafundo 7", "mafundo 9 na kiganja". Mimi nilikuwa na wiki chache tu tangu nizaliwe. Rudi nyuma Novemba 1993 ukute sifuri zimepangana ukurasa mzima, na pembeni: "Mto umelala. Watu wanafukua mchanga kupata maji ya kunywa." Mwaka huo huo wa 1993 ndio Ruaha Mkuu ulianza kukauka kule hifadhini, na tangu hapo imekuwa karibu kila kiangazi. Chuoni tuliisoma habari hiyo kwa sentensi moja. Hapa iko siku kwa siku, kwa kalamu ya bluu.

Nimelinganisha na rekodi ya kompyuta niliyowahi kupewa nikiwa kazini. Ya kompyuta ni tupu kuanzia 1999 hadi 2003. Kwenye madaftari hakuna siku iliyoachwa.

Sasa shida yangu. Agosti 2023 mradi wetu ulifunga kifaa cha kielektroniki kinachojipimia kina na kutuma takwimu kwa laini ya simu. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia Mzee kwamba sasa anaweza kupumzika. Hata hivyo aliendelea mpaka Desemba, miguu ilipokataa kabisa. Kifaa kilituma takwimu kwa miezi saba. Salio la laini likaisha, betri ya sola ikaibwa, na fungu la matengenezo halikuwamo kwenye bajeti tangu mwanzo. Tangu Machi 2024 mto huu unapita bila mtu kuuandika. Hilo linaniuma kila ninapovuka daraja.

Niliohitimu nao wengi wako kwenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Leo Mbarali, mwakani Simiyu, mwaka kesho kutwa ofisi Dar. Mradi unaishi miaka mitatu hadi mitano. Ili useme kitu cha maana juu ya hali ya hewa ya mahali, wataalamu wa dunia huanza na kipindi cha miaka 30. Mtu pekee ninayemjua aliyeukalia mto mmoja miaka 30 hakuwa mhandisi, alikuwa mkulima wa darasa la saba aliyelipwa posho.

Naombeni mnisaidie. Haya madaftari niyahifadhije bila kuyaharibu? Kina cha mafundo kina maana yoyote kitaalamu? Na kama wewe ungekuwa mimi, ungempa nani kazi ya kusoma geji ambaye atakuwepo hata mimi nikipata ajira mkoa mwingine?

---

FundiHaidro

Marahaba mwanangu. Nimestaafu 2016 nikiwa fundi sanifu wa haidrolojia, niko Morogoro sasa. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Hayo madaftari ni mali kubwa kuliko unavyodhani, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza usianze kuchapa. Piga picha kila ukurasa, ukiwa karibu na dirisha, mchana, bila taa ya simu kwa sababu inang'arisha wino na kufanya penseli isionekane pichani. Gamba la mbele pia, na la nyuma, watu wa zamani walikuwa wakiandika mambo mazito kwenye gamba la nyuma. Weka nakala tatu mahali patatu, moja iwe nje ya Mbarali kabisa. Madaftari yenyewe yarudishe kwenye bati lake, weka mkaa mkavu kidogo ndani ya kitambaa kwa ajili ya unyevu, bati likae juu ya matofali.

Ukianza kuchapa, chapa kilichoandikwa. Ukiona siku moja imeandikwa 2.45 katikati ya siku za 0.45, usisahihishe. Iache 2.45 na kwenye safu nyingine andika kwamba unaishuku na kwa nini. Nimeona vijana wenye digrii nzuri wakisafisha takwimu hadi mafuriko ya kweli yakafutwa kwa sababu yalionekana ni makosa. Na pale palipo tupu paache tupu.

Sasa jambo ambalo litaamua kama una rekodi moja ya miaka 33 au vipande viwili visivyoungana. Geji ilikwenda na maji 1998. Iliyowekwa baadaye, sifuri yake iko kwenye kimo kile kile cha ya kwanza? Kila kituo cha zamani kilikuwa na alama ya msingi, kizege kidogo chenye kichwa cha nondo au msumari juu, kimefukiwa ukingoni mahali mafuriko hayafiki. Sifuri ya geji hupimwa kutoka hapo kwa leveli, kile kifaa cha wapimaji cha kulinganisha vimo. Itafute. Fyeka majani, uliza wachungaji, chomeka sururu polepole. Ukiipata na ikiwa haijasogezwa, unaweza kuunganisha miaka ya kabla na baada. Usipoipata, angalia vina vya Oktoba na Novemba kabla na baada ya 1998 uone kama vimeruka vyote kwa pamoja.

Kumbuka pia kina peke yake si wingi wa maji. Ili kujua ni mita ngapi za ujazo kwa sekunde, lazima watu waingie mtoni na kile kifaa chenye propela, wapime kasi sehemu mbalimbali za upana wa mto, maji yakiwa machache na yakiwa mengi, kisha watengeneze jedwali la kugeuza kina kuwa wingi. Mto wa mchanga hubadilisha kitanda chake, kwa hiyo jedwali la kabla ya El Niño halifai kwa baada yake. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iko Iringa. Nenda na nakala ya picha zako, uliza vipimo vya zamani vya kasi ya maji. Nchi hii ina mabonde tisa ya maji na hilo ndilo lenu, kwa hiyo nakala moja lazima ikae kwao, uipeleke kwa barua na usainiwe kuwa wamepokea.

Na mafundo? Kitaalamu yana maana kubwa, kwa sharti moja. Muulize bibi kama kamba bado ipo.

---

MkulimaUbaruku

Dada, habari ya siku. Mimi nalima mpunga eka 5, na nakusoma kwa heshima, ila acha niseme kilicho moyoni.

Kwetu sisi vipimo vya mto havijawahi kuleta habari njema. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Sumaye alitangaza akiwa London kwamba ifikapo 2010 Ruaha utakuwa unatiririka mwaka mzima. Tuliisikia redioni. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Ihefu na mifugo yao, mwaka 2008 mpaka wa hifadhi ukasogea ukaimeza Ihefu yote. Nimezika jirani aliyehamishwa mara mbili. Umeme ukikatika Dar, tunasikia mkulima wa Usangu ndiye kamaliza maji ya Mtera. Kila mara kuna mtaalamu amekuja na karatasi yenye mchoro unaoshuka.

Halafu kibali changu cha kutumia maji kimeandikwa lita kwa sekunde. Nimelipia miaka yote. Sijawahi kuonyeshwa hata siku moja hizo lita zinafananaje zikipita kwenye mfereji wangu, na hakuna mahali pa kuzipimia.

Kwa hiyo swali langu si la kukukatisha tamaa. Ukishayachapa hayo madaftari, nani atayashika kwanza? Kama yataenda moja kwa moja juu, yatarudi kwetu kama amri ya kufunga mabanio Septemba. Na Septemba ndipo tunapotia mbegu kitaluni. Anayewahi kuvuna ndiye anayeuza mpunga ukiwa na bei. Ukivuna na wenzako wote, gunia linauzwa bei ya kutupa. Wataalamu wanaita matumizi mabaya ya maji ya kiangazi. Mimi naita ada ya shule.

---

MtuWaNanyuki

Hujambo dada, na salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu mito inashuka kutoka Mlima Kenya na kuingia Ewaso Ng'iro, na miaka ya ukame ulikuwa ukikauka kabla ya kufika kwa ndugu zetu Wasamburu. Juu kuna mashamba ya maua na mboga, katikati wakulima wadogo, chini wafugaji. Mishale ilikuwa ikitoka.

Vyama vya watumiaji maji huku vilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, watu walipochoka kupigana. Sheria ya Maji ya 2002 ikaja kuvikuta tayari vipo na kuvitambua. Mimi nilijiunga na cha mto wetu nikiwa na miaka 24, nikapewa kazi ambayo hakuna mzee aliyeitaka: kusoma geji na kuandika kwa chaki kwenye ubao mweusi pale kwenye lango la mfereji. Kina cha leo, kina cha jana, na rangi. Kijani, kila mtu anachota. Njano, zamu. Nyekundu, ni maji ya nyumbani na ya mifugo tu.

Ndugu MkulimaUbaruku, nakuelewa kabisa. Huku kilichobadilisha mambo ni kwamba aliyekuwa akisoma namba hiyo ni kijana wao, na waliiona siku ile ile kabla serikali haijaiona. Wazee wa juu walipelekwa kwa lori hadi chini wakaone mchanga mkavu kwa macho yao. Walirudi kimya. Na kanuni zetu zinamtaka mwenye kibali cha umwagiliaji achote maji ya mafuriko na awe na hifadhi ya siku 90, ili kiangazi asiuguse mto. Si wote wanaotimiza. Lakini wale waliochimba mabwawa yao na kuyatandika karatasi nzito ya plastiki miaka ile, leo wanavuna pilipili hoho Februari bila kugombana na mtu.

Nani asome? Chagua mtu wa chini ya mto. Wa juu akisoma, wa chini hamwamini.

---

BintiUsangu

Asanteni sana. FundiHaidro, nimeshaanza picha, nimefika daftari la 2002. Kwenye gamba la nyuma la 1996 kweli nimekuta orodha ya majina ya wote waliofungua banio usiku mwaka ule! Hiyo sitaichapa kokote.

Kaka MkulimaUbaruku, nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kujibu.

Mama yangu analima eka 3, mfereji wa kulia, nafasi ya nne kutoka banioni. Ada yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye majaruba yale. Nikiwa kidato cha pili nilikuwa napandikiza nikitoka shule, maji ya magotini, kiuno kinawaka. Kwa hiyo ninapoona Septemba kina kinashuka sentimita 11 kwa siku tatu, najua ni vitalu vinafunguliwa, na najua kimojawapo ni cha mama.

Nilichokikuta kwenye safu ya maelezo, naomba ukisome kama mkulima mwenzake Mzee, maana na yeye alikuwa na jaruba lake. Agosti 2005: "Mpunga umeshavunwa wote. Banio la tatu bado wazi. Maji yanaishia kwenye matofali na njiani." Agosti 2009 hivyo hivyo. 2012, 2016. Ni mwezi ambao hakuna aliye na mche shambani, na nusu ya mto inaingia mferejini ikanyonywe na mchanga, kwa sababu kuna kaya kumi na kitu mbele wanachota ndoo, na hakuna mwenye wajibu wa kupunguza lango. Watafiti waliokuja Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walifika kwenye jambo hilo hilo, kwamba maji yanayopotea kiangazi ni yale yanayoendelea kuingia mifereji hata kilimo kikiwa kimelala. Lakini waliandika ripoti nene kwa Kiingereza. Mzee aliandika mstari mmoja ambao mama yangu anaweza kuusoma.

Nilipiga hesabu ya harakaharaka. Kama lango lingekuwa linashushwa kuanzia Julai mpaka vitalu vifunguliwe, na zile kaya zikawekewa kisima cha pampu ya mkono, vitalu vya Septemba visingeguswa kabisa. Hakuna gunia hata moja ambalo lingepungua. Hilo silisemi kama mtaalamu aliyetoka nje na mchoro wake. Nalisema kwa sababu maji yale ya Agosti hayamsomeshi mtoto wa mtu.

Sera ya Maji ya 2002 iliweka maji ya majumbani mbele na mazingira yakafuata. Siku maji yakipungua kweli, sisi wa mpunga ndio tutakaoambiwa tusubiri. Nataka siku hiyo tuwe na rekodi yetu wenyewe mkononi. Kwa hiyo jibu la swali lako: madaftari yatasomwa kwanza na jumuiya ya watumia maji, kwenye mkutano, kwa sauti. Iringa watapata nakala baada ya hapo. Nimeshamwambia mwenyekiti.

---

MkulimaUbaruku

Hapo umenijibu. Mkutano ukiwa lini, nitapanda bodaboda nije nisikilize, hata kama si mto wangu. Kwetu na sisi Agosti iko hivyo hivyo, sitaki kudanganya.

---

Mwaka_wa_Nne

Dada BintiUsangu, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa maji, niko Dar. Oktoba 2022 Ruvu iliposhuka na tukapewa maji kwa mgao, hosteli tulikuwa tunaamka saa tisa usiku kukinga ndoo. Ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza mto wenyewe unatoka wapi.

Nimepiga hesabu: siku za miaka 33 mara mbili ni zaidi ya namba 24,000. Peke yako itakuchukua miezi. Tuko wanne darasani tumekubaliana, kila mtu miaka minane, na mmoja unaobaki tutagawana. Kisha tubadilishane, ili kila mwaka uchapwe na watu wawili tofauti bila kuonana, halafu tulinganishe, pasipolingana turudi kwenye picha. Hatuhitaji malipo. Tunaomba tu safu ya maelezo tuichape yote neno kwa neno, tusiambiwe tuiruke.

---

BintiUsangu

Narudi na habari, naandikia kwenye simu, mnivumilie.

Kamba ipo. Bibi alikuwa ameitundika jikoni, imefungiwa vitunguu. Ni ya katani, nyeusi kwa moshi, mafundo 14 na jiwe la kusagia lililotobolewa mwishoni. Nililoweka usiku kucha ili ifanane na ilivyokuwa mtoni, asubuhi nikainyoosha kwa uzito wa lile jiwe nikapima fundo hadi fundo. Si nusu mita. Ni sentimita 47, na mbili za mwisho 46. Basi yale "mafundo 9 na kiganja" si mita nne na nusu na kiganja, ni kama mita 4.2 na kiganja. Bibi akanipa na mkono wake nipime, akasema kiganja cha Mzee kilikuwa kikubwa kuliko chake kwa upana wa kidole. Nimeandika sentimita 9 na alama ya kushuku pembeni, FundiHaidro utaniambia kama nimekosea.

Alama ya msingi pia tumeipata. Mchungaji mmoja wa miaka kama kumi na mbili ndiye aliyetuonyesha, huwa anakalia pale akisubiri ng'ombe wanywe. Zege lenye kichwa cha nondo, limezibwa na mizizi ya mkuyu lakini halijasogea. Rafiki yangu mpimaji ardhi alikuja Jumamosi na leveli yake. Geji ya sasa iko juu ya ile iliyooneshwa kwenye gamba la daftari la 1991 kwa sentimita 6. Kumbe na hilo Mzee alikuwa ameliandika, umbali kutoka zegeni hadi sifuri, siku ya kwanza kabisa ya kazi.

Mkutano ulikuwa Jumapili chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Nilisoma miaka sita ya Agosti, mstari kwa mstari. Palitokea kelele nilipofika 2016, maana mwenye kutajwa alikuwepo, akasimama akasema ni kweli, na kwamba lango lile halina mfuniko tangu liibiwe chuma chake. Wamechanga hapo hapo, fundi wa kuchomelea anakuja wiki ijayo. Kisima cha zile kaya bado, hilo halmashauri itabidi tuifuate. MkulimaUbaruku alikuwepo, ameuliza maswali kuliko wenyeji.

Kuhusu msomaji nimefuata ushauri wa Nanyuki. Ni wawili, wote wa chini ya mto. Mmoja ni mjukuu wa Mzee, amemaliza kidato cha nne mwaka jana, mwingine ni mama anayelima bustani ya mboga karibu na daraja, ili mmoja akisafiri mwingine awepo. Posho inatoka kwenye ada ya jumuiya, ni ndogo, imeandikwa kwenye muhtasari. Ubao wa chaki tumepaka rangi jana. Mwaka_wa_Nne, picha zote nimewatumia, mtaziona kesho.

Na mimi nimeitwa kwenye usaili wa kazi, mkoa mwingine. Nitakwenda. Daftari la 34 nimelinunua mwenyewe, lina gamba gumu. Ukurasa wa kwanza ni wa leo, mwandiko wa mjukuu:

"Asubuhi 0.21. Alasiri 0.20. Maji meupe. Banio la pili limefungwa nusu tangu jana. Ng'ombe wamevuka."

---

FundiHaidro

Kiganja cha sentimita 9 ni sawa, na alama ya kushuku umefanya vema kuiweka. Mwambie huyo mjukuu wa Mzee jambo moja. Siku akichelewa akasoma saa nne na robo, aandike saa nne na robo. Asiandike saa tatu kwa sababu ndiyo saa ya kazi. Na penseli awe nayo, siku za mvua kalamu haiandiki.